Mkanda wa Kasyoka

Siku Kasyoka alipohamia Kerugoya, mvua ilikuwa ikinyesha kama iliyotumwa. Alikuwa na mtoto mgongoni na furushi la vyombo mkononi, na mumewe Musembi alikuwa ametangulia, cherehani kichwani, kofia yake ya polisi ameificha ndani ya koti isilowe. Musembi alikuwa konstebo. Serikali ilikuwa imemtoa Makindu, kwenye jua na vumbi, ikamleta huku chini ya mlima, na kwa kuwa nyumba za polisi zilikuwa zimejaa, alikodi chumba katika ploti ya mama mmoja wa hapo mjini.

Mama huyo aliwapokea mlangoni. Alimtazama Kasyoka kuanzia kandambili hadi kitambaa cha kichwa, akaguna.

"Ati umetoka Ukambani na hii sweta moja?" alisema. "Unataka kufia kwa nyumba yangu, halafu watu waseme nimekuroga?"

Akaingia ndani, akatoka na koti zito la marehemu mumewe na kikombe cha uji wa moto. Hivyo ndivyo Kasyoka alivyomjua Watiri.

Jina hilo la Watiri lilikuwa halitumiki. Mji mzima ulimwita Mama Kahiga, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na Kasyoka naye aligeuka kuwa Mama Shirleen kabla hata hajafungua mizigo. Watiri alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa kutoa. Alimpa mpangaji wake pembe ya veranda aweke cherehani. Alimfundisha Kikuyu cha sokoni, kile cha kutosha kukataa bei mbaya. Kasyoka naye alimpikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa maganda na kupikwa na maharagwe, na Watiri alipoonja mara ya kwanza alitafuna polepole, akasema, "Kumbe hii ni githeri imevuliwa nguo." Lakini aliomba sahani ya pili.

Watiri alikuwa na shamba dogo la majani chai kule juu karibu na msitu, na akimaliza kuchuma lake alichuma ya wengine kwa kibarua. Alitoka asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya miti, kikapu mgongoni, ukanda wa kikapu umepita juu ya kipaji cha uso kama walivyofanya mama yake na nyanya yake. Miaka ya ukanda ule ilikuwa imemchimbia mfereji kichwani, pale nywele zinapoanzia. Alipokaa kwenye veranda kusukwa, Kasyoka alipitisha kidole kwenye mfereji ule.

Siku moja ya mvua Watiri aliteleza kwenye mteremko wa shamba kikapu kikiwa kimejaa. Mtu akianguka, mikono hutafuta ardhi; lakini mikono ya Watiri ilikimbilia ukanda ili kuutoa kichwani, na haikuwahi. Kikapu kilimvuta nyuma, ukanda ukaikunja shingo yake, akabingirika mpaka mashina ya chai yalipomzuia. Wanawake wenzake walimbeba hadi barabarani. Hospitalini walisema ana bahati, shingo haikuvunjika. Lakini alilala kitandani majuma mengi, kola ngumu shingoni, hawezi kugeuka hata kumtazama anayeingia mlangoni.

Kasyoka ndiye aliyemwosha, akamlisha, akamvalisha. Kila alipomwinua kitandani, Watiri alisema neno lile lile.

"Si kuanguka kumeniumiza. Ni kushindwa kuachilia kikapu."

Maneno hayo yalimkaa Kasyoka moyoni. Alikuwa fundi wa nguo, na fundi wa nguo huutazama mwili wa mtu kwa jicho lake: wapi nguo inakaa, wapi inavuta, wapi inachoka kwanza. Alikumbuka alivyokuwa akimbeba Shirleen. Leso ikifungwa juu kifuani, mabega yaliwaka moto kabla ya kufika kisimani. Ikiteremshwa, ikikaza kwenye nyonga, mtoto alikuwa kama amepungua uzito. Basi kwa nini mzigo wa chai ubebwe na shingo, ilhali nyonga ziko na hazina kazi?

Alimtuma Musembi kwa mafundi wa magari huko Karatina, akarudi na mikanda ya viti vya gari lililogongwa, pamoja na kufuli zake za kubonyeza. Musembi alicheka njia nzima.

"Mke wangu, huyo ni Mama Kahiga au ni Toyota?"

"Wewe lete tu," Kasyoka alimwambia.

Alishona mikanda miwili ya mabegani na mmoja mpana wa nyonga, akautia ndani magunia yaliyokunjwa ili usikwaruze. Mbele akaweka ile kufuli ya gari: ukibonyeza, mzigo unakuacha. Watiri, ambaye sasa alikuwa amepona, alikivaa kikapu akazunguka nacho uani kama bibi harusi.

Siku ya kwanza kazini mambo yaliharibika. Watiri alikuwa amesimama kwenye foleni ya kituo cha kununulia majani chai, akiwasimulia wenzake habari za kifaa chake kipya, huku amejishika kiuno. Kidole chake kikabonyeza. Kikapu kikaanguka puu! Majani yakatapakaa matopeni, karani wa mizani akapiga kelele, na wanawake wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Juma lililofuata ikawa kinyume. Kufuli ilijaa udongo na utomvu wa chai ikagoma kufunguka kabisa, hata Watiri akalazimika kuingia nyumbani kwake na kikapu mgongoni, akipita mlangoni kwa ubavu.

Alimkuta Kasyoka kwenye cherehani, akamwonyesha kufuli.

"Nitoe hii kitu yako."

Kasyoka alibonyeza, akapiga kwa kiganja, akajaribu kuichokonoa kwa ncha ya mkasi. Machozi yakamlengalenga. Watiri alipohisi mikono ile imetulia, sauti yake ikabadilika.

"Wacha kulia. Kuja nikuonyeshe vile mimi hufunga ndama."

Wakaenda zizini, kikapu bado mgongoni. Watiri alikuwa na fundo lake, alilofundishwa na baba yake. Ndama angeweza kuvuta mpaka achoke, nalo lingezidi kukaza. Lakini mwenyewe akivuta ncha moja fupi, hata kwa mkono uliolowa, hata gizani, kamba yote ilifunguka na kuanguka. Kasyoka alichuchumaa mbele ya ndama akalifunga na kulifungua, akalifunga na kulifungua, mpaka ndama akachoka naye akaanza kumlamba sikio.

Mkanda ulikatwa siku hiyo hiyo kwa mkasi, kufuli ya gari ikatupwa. Mahali pake pakawekwa kitanzi, fundo, na ncha fupi ya kitambaa chekundu ili mkono uione. Watiri alirudi shambani, na safari hii hapakuwa na kicheko. Alipoteleza tena, kama kila mchumaji anavyoteleza, alivuta chekundu. Kikapu kikaenda upande wake na yeye akabaki amekaa chini, mzima, akikitazama kikibingirika.

Kesho yake veranda ilijaa wanawake.

Kasyoka aliwashonea mmoja baada ya mwingine. Kila mkanda aliupima kwa mwili wa mwenyewe, maana mwenye nyonga pana hafungi mahali pa mwembamba. Wajawazito aliwashonea yenye pengo mbele. Binti akiolewa Othaya au Mukurwe-ini alikwenda na mkanda wake, na huko mafundi wa huko wakaufumua, wakautazama, wakashona wao. Kasyoka hakuona ubaya. Watu walipomsifu alisema, "Mimi nilirekebisha tu. Kikapu kilikuwepo, mikanda ilikuwepo, fundo ni la Mama Kahiga." Alisema hivyo mara nyingi, mpaka watu wakamwamini, kisha wakamsahau.

Miaka ikapita. Shirleen akaanza shule, akarefuka, akawa na maneno mengi. Kisha mikanda mingine ikaanza kuonekana madukani, kutoka Nyeri hadi Kagio. Ilikuwa ya rangi moja, imeshonwa kwa mashine kubwa, na kila mmoja ulikuwa na lebo: mlima wenye theluji na jina refu la kizungu ambalo hakuna aliyeweza kulitamka. Ncha nyekundu ilikuwa pale pale. Mikanda ya mabegani, ya nyonga, fundo la ndama, vyote vilikuwa pale pale. Lakini vipimo vilikuwa vya mwili mmoja kwa wote.

Mteja mmoja mgeni alimletea Kasyoka mmoja wao amrekebishie.

"Nipunguzie hapa," alisema. "Lakini pole pole, fundi, hii si ya hapa. Hii imetoka Ulaya."

Kasyoka aliushika. Aliufungua mshono wa nyonga, akaona gunia limekunjwa mara tatu, kama alivyokuwa akikunja yeye. Akapunguza palipotakiwa kupunguzwa, akamrudishia mwenyewe, akakaa.

Alipomweleza Watiri, Watiri aliruka. "Ulaya? Ulaya kuna mtu hufunga ndama hivi? Twende Nyeri kwa hao wenye maduka! Twende leo!"

"Tukamwambie nani, Mama Kahiga? Tuseme nini? Mimi si mvumbuzi. Mimi nilirekebisha tu."

Watiri alimtazama kwa hasira ya upendo, ile ambayo mtu humtazama nayo mdogo wake, akaenda zake kukamua ng'ombe.

Ndipo Mwalimu Maurine alipokuja kibandani. Wakati huo Kasyoka alikuwa amepata kibanda chake karibu na soko. Maurine alikuwa mwalimu wa Gredi ya Sita katika shule ya Shirleen, mtu wa Vihiga, mwembamba, mwenye haraka, na daima alikuwa na chaki kwenye mkono wa sweta. Alitaka gauni refu la zamani, lenye mikono iliyojaa mabegani na kubana chini.

"Tunaandaa Siku ya Wavumbuzi Weusi," alieleza. "Kila mtoto anaigiza mtu mmoja. Nimechoka, Mama Shirleen. Ukiwauliza watoto hawa nani alivumbua kitu fulani, wanakutajia mzungu hata kabla hujamaliza swali. Wanadhani sisi kazi yetu duniani ni kununua."

"Na Shirleen ataigiza nani?"

"Mama mmoja wa Marekani anaitwa Sarah Boone. Alizaliwa utumwani. Baadaye akawa huru, akawa fundi wa nguo."

Mguu wa Kasyoka ulisimama juu ya kanyagio la cherehani. "Fundi wa nguo?"

"Kama wewe. Wakati huo watu walipiga pasi juu ya ubao wa kawaida, na mikono ya magauni ilikuwa shida, inapata mikunjo. Sarah akatengeneza ubao mwembamba, uliopinda, unaoingia ndani ya mkono wa gauni. Mwaka wa 1892 serikali yao ikaandika rasmi kwamba wazo lile ni lake."

Kasyoka aligeuza uso kuelekea pembeni mwa kibanda chake. Kulikuwa na meza yake ya pasi, na juu yake ule ubao mdogo mwembamba aliochongewa na seremala wa sokoni, wa kupigia mikono ya mashati. Alikuwa ametumia wa namna hiyo maisha yake yote bila kuuliza umetoka wapi.

"Kwa hivyo yeye ndiye wa kwanza kutengeneza meza ya pasi?"

"La," Maurine alisema. "Watu walikuwa na mbao za pasi kabla yake. Yeye aliifanya iwe bora."

"Alirekebisha tu."

"Alirekebisha, ndiyo. Lakini ile 'tu' umeitoa wapi? Karibu kila uvumbuzi ni mtu kuona kitu kinamtesa mwenzake, akakirekebisha."

Kasyoka alichukua futi akaanza kupima kitambaa, lakini vipimo havikumkaa kichwani, ikabidi arudie. Hakumtajia mwalimu habari za mikanda. Alipotoka mwalimu, alifunga kibanda mapema, akaenda hadi zizini kwa Watiri, akasimama akimtazama ndama mpya aliyefungwa kwa fundo lile.

"Kuna nini?" Watiri aliuliza.

"Hakuna. Nilitaka kuliona tu."

Siku yenyewe, uwanja wa shule ulijaa wazazi. Watoto waliigiza vizuri na vibaya, kama watoto. Mvulana mmoja alikuwa Garrett Morgan, Mmarekani aliyebuni ishara ya kuongozea magari, amebeba taa za barabarani alizotengeneza kwa makasha, na taa ya kijani ikadondoka akaishika kwa kidevu. Shirleen alitoka na gauni lake lenye mikono iliyojaa, akapiga pasi mkono wa shati juu ya ubao wa mama yake, akamsimulia Sarah Boone kwa sauti iliyofika barabarani. Musembi, aliyeomba ruhusa kazini, alipiga makofi mpaka kofia ikamwanguka.

Kisha mgeni wa heshima akaalikwa. Alikuwa Gathogo, mfanyabiashara wa Nyeri aliyesoma shule ile zamani na ambaye alikuwa ameichangia madawati. Mtu mnene, mchangamfu, wa kucheka na kila mtu. Aliwasifu watoto. Alisema hata yeye, kwa njia yake ndogo, anawaletea watu wa hapa uvumbuzi kutoka mbali. Akainama, akatoa mkanda wenye ncha nyekundu kwenye mfuko uliokuwa miguuni pake, akauinua juu.

"Hii mnaijua, mama zetu? Hii ilifikiriwa na wazungu wa kupanda milima huko Ulaya. Leo nitapatia kila mama aliye hapa moja, bure!"

Baadhi walipiga makofi. Watiri hakupiga. Alikuwa ameshasimama nusu, mdomo wazi, na Kasyoka alimshika sketi akamvuta akae. Watiri alimgeukia, tayari kumgombeza, akakuta Kasyoka ndiye anayesimama.

Hakuwa amewahi kusema mbele ya watu hata kanisani. Sauti ilitoka ndogo.

"Hiyo ni yangu."

Gathogo alitabasamu, akidhani anaomba. "Utapata, mama. Wote mtapata."

"Sikuombi. Nasema hiyo mimi ndiye nilifikiria. Mimi nilishona ya kwanza, hapa Kerugoya, kwa veranda ya Mama Kahiga."

Mwalimu Maurine alikuwa amefungua macho kama mtu aliyepoteza funguo akazikuta mkononi mwake mwenyewe. Gathogo alishusha mkono. "Mama," alisema, bado kwa upole, "hayo ni maneno makubwa. Nani anaweza kusema ni kweli?"

"Mimi," ilisema sauti kutoka nyuma. Mwanamke mmoja mwembamba alisimama. "Yangu alinishonea nikiwa na mimba ya huyu," akamwonyesha mvulana wa taa za barabarani. "Aliniwekea pengo hapa mbele."

"Na mimi yangu alinishonea mwaka ule wa baridi kali, kabla ya hizo za duka," alisema mwingine.

"Mimi ya mama yangu ndiyo naitumia mpaka leo, na mama alishazikwa."

Wakasimama hapa na pale, wa miguu ya matope na wa viatu vya Jumapili, kila mmoja na lake. Bibi mmoja alisimulia ile siku majani yalipomwagika kwenye kituo, na wote walioikumbuka wakacheka tena, na kicheko kile kikawa ushahidi mkubwa kuliko maneno yote. Watiri alikuwa wa mwisho. Hakupiga kelele. Alivua kitambaa chake, akainamisha kichwa, akawaonyesha watu mfereji.

"Hii niliachiwa na ukanda wa zamani," alisema. "Mabinti wetu hawana. Angalieni vichwa vyao. Hiyo ndiyo kazi ya huyu msichana wa Ukambani."

Gathogo alikaa. Hakugawa mikanda siku hiyo.

Alikuja kibandani juma lililofuata, peke yake, bila kucheka. Alikubali chai, akaizungusha kikombeni.

"Sikuiba kwako, Mama Shirleen, naomba unielewe. Mimi nilipata kwa fundi mmoja wa Karatina, naye akasema aliona kwa mtu. Nikaweka lebo ya wazungu kwa sababu unajua watu wetu. Ukiwaambia kitu imetoka Kerugoya, wanauliza itadumu kweli? Ukiwaambia Ulaya, hawaulizi."

"Wangu hawakuniuliza," Kasyoka alisema. "Walivaa wakaenda kazini."

Gathogo alikubali kwa kichwa. "Unataka nini?"

Kasyoka alikuwa amefikiria jibu siku nyingi, na bado lilimtoka kwa shida. Alitaka lebo ile itolewe. Alitaka mikanda ishonwe kwa vipimo vitatu, si kimoja. Na alitaka wanawake aliokuwa amewafundisha kuishona wapewe sehemu ya kazi ya kushona, maana mikono yao iliijua. Gathogo alikubali ya kwanza upesi, ya tatu polepole, na ya pili walibishana mpaka chai ikapoa, ndipo wakakubaliana.

"Na tuandike jina gani?" aliuliza mwishowe, akiwa mlangoni. "Jina lako hasa ni nani? Mji wote unajua Mama Shirleen."

Jioni ile Musembi alikuwa jikoni akikoroga muthokoi, aproni ya mkewe kiunoni. Kasyoka alimweleza. "Kwa hivyo wameuliza jina," Musembi alisema, akafikiri. "Wataweka la bwana, ama?"

"Bwana alisema mimi ninashonea Toyota."

"Niliyasema hayo?" Musembi alionja mchuzi, akatabasamu huku akimtazama. "Basi waandike Kasyoka. Nilikuoa kwa jina hilo, na nimekuwa nikilikosa."

Kasyoka alishona mfano wa lebo mwenyewe, kwa uzi mwekundu juu ya kitambaa cheupe. Alipomaliza alimpelekea Watiri, aliyekuwa amekaa kwenye veranda akichambua maharagwe. Watiri hakuwa msomaji mwepesi. Aliileta lebo karibu na macho, akasoma akiburuta kidole.

"Kasyoka… na… Watiri." Akasogeza kidole. "Kerugoya."

"Fundo ni lako," Kasyoka alisema.

"Nani alikwambia uniandike?"

"Nimejituma."

Watiri aliitazama tena. Alipangusa macho kwa mkono wenye vumbi la maharagwe, akajiumiza, akaanza kulalamika kuhusu vumbi, na Kasyoka akamletea maji anawe.

"Watu hawatajua ni mimi," Watiri alisema baadaye. "Watauliza, Watiri ni nani?"

"Wakiuliza, tutawaambia."

Na waliuliza. Mwalimu Maurine aliwaleta wanafunzi wa darasa zima wamwone Watiri akifunga ndama, na watoto wakatoka pale kila mmoja akimfunga mwenzake kwenye nguzo za veranda. Biashara ya Gathogo haikufa kwa lebo ya Kerugoya, kama alivyoogopa. Ilipungua kidogo mwanzoni, kisha ikarudi. Bado kuna maduka mengine yanayouza mikanda yenye mlima wa theluji, na pengine yataendelea kuwepo. Kasyoka akikutana na mmoja huupunguza au kuupanua kama mwenyewe anavyotaka, na humwambia kwa upole ni wa nani.

Kisha, siku moja ya mwezi wa sita, mwanamke mrefu mwenye mtandio wa bluu alisimama mbele ya kibanda. Alikuwa ametoka Nanyuki, alisema, na jina lake ni Safiyo. Yeye na kaka zake walikuwa wakifanya biashara ya mbuzi, wakiwatoa kaskazini na kuwaswaga hadi mnadani.

"Nilikuwa natafuta Kasyoka," alisema, akautoa mkanda ndani ya mfuko na kuonyesha lebo. "Hii niliona kwa mama mmoja wa chai. Nikauliza kila mtu kwa soko. Wengine hawakujua, wengine walisema enda Kerugoya."

"Ni mimi."

Safiyo alishusha pumzi, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa, kama mtu aliyefika nyumbani.

"Mbuzi zetu huzaa njiani," alieleza. "Mtoto wa mbuzi amezaliwa leo hawezi kutembea na wengine. Ukimbeba kwa mikono, huwezi kushika fimbo. Ukimweka kwa gunia, anakosa hewa. Tunapoteza wengi, dada. Mimi mwenyewe nimewazika. Nikasema, mtu alifikiria hii ya chai, huyo mtu anaweza kufikiria na yangu."

Kasyoka aliitazama mikono ya mgeni wake, halafu mabega, halafu nyonga. Alivuta futi kutoka shingoni.

"Simama," alisema. "Na uniambie, mtoto wa mbuzi akizaliwa, urefu wake unafika wapi?"

Safiyo alisimama, akaweka kiganja chake chini ya goti. Kasyoka akapiga magoti sakafuni kupima, na bila kuinua uso akamwita Shirleen akimbie nyumbani kumwambia Mama Kahiga aje upesi, na aje na kamba.